Chombo Kimoja, Kazi Mbili

Liko neno moja ambalo likitajwa katika vijiji vyetu humwaibisha mtu kabla hajaulizwa habari zake, nalo ni neno "mtambo". Wakinong'ona watu kwamba fulani ana mtambo nyuma ya nyumba yake, hapana aulizaye ni mtambo wa nini. Wote hukubali mara moja ya kuwa huyo apika gongo. Lakini wako wengine, na miongoni mwao Wakristo wenye sifa njema, walio na mtambo mdogo nyumbani wala hawapiki pombe kamwe. Wao hukeneka majani na maua. Kazi ya shamba ikiisha, au siku za mapumziko, hukata mchaichai au majani ya mkaratusi, huyapika, hukinga mafuta yake tone kwa tone katika kichupa, na harufu yake huwaburudisha. Hawauzi. Kwao ni kazi ya kujifurahisha tu, kama vile mwingine apendavyo kufuga njiwa au kuchonga bakora.

Juu ya watu hao huulizwa maswali mawili. La kwanza, je, yafaa Mkristo kutumia chombo kile kile kilichobomoa nyumba nyingi kwa ulevi? La pili, hata kama yafaa, je, si upotevu kuchoma kuni na kumwaga maji kwa ajili ya kitu kisicholiwa wala kuvaliwa? Maswali hayo yaonekana madogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa: ni kwa kipimo gani twapaswa kuihukumu kazi ya mwenzetu, na furaha yake. Na kwa kuwa asiyejua kitu hawezi kukihukumu kwa haki, yatupasa kwanza kuijua kazi yenyewe.

Kila mpishi amekwisha kuiona kazi hii pasipo kuitambua. Afunuapo sufuria ya wali huona matone ya maji chini ya kifuniko. Maji hayo yalikuwa sufuriani, yakapanda kwa nguvu ya moto, yakakuta ubaridi wa kifuniko, yakarudi kuwa maji. Huko ndiko kukeneka. Sasa, yako majani na maua ambayo Mungu ameyatilia ndani yake vifuko vya mafuta, vidogo mno. Mvuke wa maji yachemkayo ukipita kati ya majani hayo, huyatoa mafuta na kuyachukua pamoja nao. Kisha mvuke huingia katika bomba, na bomba hupitishwa katika ndoo ya maji ya baridi. Humo mvuke hugeuka kuwa maji tena, na mafuta hujitenga. Mafuta ya mchaichai na ya mkaratusi huelea juu ya maji; ya karafuu huzama chini, kwa kuwa ni mazito kuliko maji.

Wala kazi hii haitaki haraka. Majani yakipikwa kwa moto mkali huungua, na harufu yake huharibika. Maji ya ndoo nayo hupata moto upesi, hata hubidi kubadilishwa tena na tena. Na baada ya taabu hiyo yote, kipatikanacho ni haba. Kilo 10 za mchaichai mbichi aghalabu hazitoi mafuta ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa. Waridi ni bahili zaidi: kwa kilo 1 ya mafuta yake hutakiwa kilo 3,000 za maua, hata kupita. Na yako maua yasiyokubali moto kabisa. Asumini, ambayo harufu yake hujaza ua mzima wakati wa usiku, ikipikwa huharibika, na mpishi huachwa na maji ya vivi hivi. Mtu aliyezoea kuamini ya kuwa nguvu zaidi huleta mavuno zaidi, hapa hufundishwa vingine.

Tena maarifa haya si ya jana. Katika karne ya 9, huko Baghdad, mwanachuoni al-Kindi aliandika kitabu juu ya manukato na namna za kukeneka. Katika Oman, kwenye milima ya Jabal al Akhdar, wanavijiji hata leo huvuna mawaridi kila mwaka na kuyakeneka kwa njia ya wazee wao: maua hutiwa chunguni, bakuli huwekwa humo ndani ili kukinga, na juu ya chungu hufunikwa chombo chenye maji ya baridi. Hapana bomba wala ndoo. Maarifa ya namna hiyo ndiyo yaliyotuletea pwani marashi ya mawaridi, yale yanyunyizwayo kwa mrashi katika arusi. Na katika kisiwa cha Pemba, mahali paitwapo Wawi karibu na Chake Chake, kiko kiwanda kinachokeneka makonyo, yaani vile vikonyo vibakiavyo karafuu zikisha kuchambuliwa. Mafuta ya karafuu yana namna ya dawa ambayo waganga wa meno huitumia. Basi kitu ambacho mtu angalikifagia uwanjani kimefanywa kuwa mali na msaada.

Mpaka hapa hapana awezaye kunung'unika. Lakini sasa tutazame upande wa pili. Mtu akitwaa mabibo, au ndizi, au sukari guru, akayaacha yachachuke, kisha akayatia katika chombo kile kile, juu ya moto ule ule, na kupitisha mvuke katika bomba lile lile, hutokea gongo. Hapana tofauti katika chombo. Ndiyo maana serikali zetu zimehangaika sana na mitambo. Uganda, kwa mfano, ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965 ili kuzuia upikaji wa pombe hiyo bila ya ruhusa. Nasi twakumbuka misiba. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo ni spiriti ya viwandani. Mwaka 2010 msiba wa namna hiyo ulifika Kabale katika Uganda, wakafa makumi ya watu. Tena hata gongo isiyotiwa sumu, twajua sote imefanya nini: ada ya shule imenywewa, mke amepigwa, shamba limeota magugu.

Basi, wengi hujibu swali la kwanza upesi kwa kusema: Chombo hakina dhambi, dhambi imo moyoni mwa mtu. Panga hulima njia, na panga huua. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, na hatupendi kulipokea kabla ya kulichungua. Maana hata mpika gongo hulisema hilo hilo, naye huongeza ya kuwa yeye hamlazimishi mtu kunywa. Neno ambalo mwema na mwovu waweza kulitumia sawasawa halijatuonyesha bado njia.

Na tuseme kweli yote. Chombo hakina dhambi, lakini chombo chaweza kuwa na ushawishi. Mtu aliye na mtambo nyumbani, siku akipungukiwa na fedha za kumlipia mtoto ada, hujua moyoni ya kuwa kichupa cha mafuta ya mchaichai labda hakitapata mnunuzi kijijini, bali chupa ya gongo itapata mnunuzi jioni hiyo hiyo. Asiye na mtambo hajaribiwi hivyo. Kwa hiyo anayetaka kufanya kazi hii asijidanganye ya kuwa moyo safi wa leo ni ukuta wa kesho. Yampasa ajiwekee ukuta wa kweli.

Nasi twauona ukuta huo katika jambo moja jepesi: kazi ifanyike mahali pa wazi. Mpika gongo huenda kichakani au mtoni, hupika usiku, na watoto wake hufundishwa kudanganya wageni. Kazi yake yahitaji giza kama kuni zihitajivyo hewa. Mwenye kukeneka majani na aweke mtambo wake uwanjani mbele ya nyumba, mchana, mahali apitapo mwalimu, na mzee wa kanisa, na mjumbe wa serikali. Jirani akiuliza, afunuliwe kifuniko aone majani. Watoto wakija, waonyeshwe jinsi mvuke unavyogeuka maji, maana hilo ni somo jema kuliko mengi ya ubaoni. Mtu akifanya hivyo siku zote, siku ya kujaribiwa atakuta ya kuwa kijiji kizima kinamlinda, kwa sababu kimezoea kuona na kunusa kinachotoka katika bomba lake. Lakini mtu akiona haya kuuweka mtambo wake mbele ya nyumba, hata kama hupika mchaichai mtupu, na ajiulize haya hiyo imetoka wapi.

Sasa twaja kwa swali la pili, nalo kwa maoni yetu ni gumu kuliko la kwanza. Wako waonao ya kuwa kila saa na kila ukuni ambao haukuzaa chakula wala fedha umepotea. Watu hao si wabaya. Aghalabu ni wale waliokua katika njaa. Lakini tukumbuke habari za Betania, katika Injili ya Yohana mlango wa 12. Mariamu alitwaa ratli ya nardo ya thamani nyingi akaipaka miguu ya Bwana, na nyumba ikajaa harufu. Yuda Iskariote akauliza kwa nini marhamu hayo hayakuuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja, basi twaweza kufahamu ya kuwa fedha hizo zilikaribia ujira wa mwaka mzima. Ukilipima jambo hilo kwa mizani ya duka, Yuda alisema kweli. Hata hivyo Bwana hakumkemea Mariamu, alimtetea. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kuwa kila kisicholisha tumbo ni upotevu.

Tena tuangalie kazi ya Muumba mwenyewe. Harufu ya mchaichai ilikuwako kabla mtu hajajua kuikeneka. Wataalamu wa mimea wametufundisha ya kuwa mafuta hayo yana faida kwa mmea wenyewe: mengine hufukuza wadudu walao majani, mengine huwaita nyuki waje mauani. Lakini hapana faida iliyomlazimu Mungu kutupa sisi pua za kuifurahia harufu hiyo. Hiyo ni zawadi iliyozidi. Mtu anayeketi jioni kandokando ya moto mdogo, akingoja matone, na kumshukuru aliyeyatia majanini, hakuiba kitu kwa mtu yeyote. Mwili wahitaji kupumzika, na moyo nao una mapumziko yake.

Hakuiba, twasema, lakini hapo ndipo penye swali. Marhamu yale yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya Mariamu mwenyewe. Hakutwaa ya Martha, wala hakumtuma mtu mwingine kuyalipa. Basi sisi nasi tuulize: kuni zile za mtambo, nani amezichanja, nani amezibeba kichwani kutoka msituni? Maji yale yabadilishwayo tena na tena, nani ameyateka kisimani? Kama baba hukaa kitini akinusa kichupa chake, na binti yake amekwenda kisimani mara tatu baada ya kutoka shule, basi furaha ile si ya baba. Ni jasho la binti lililokenekwa. Hapo neno la kusema ni kazi ya kujifurahisha laficha udhalimu. Na jambo hili si la mitambo tu. Mara nyingi katika nyumba zetu mmoja hupumzika kwa sababu mwingine hapumziki, nasi huita jambo hilo desturi.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: furaha ni halali kwa yule anayeilipa mwenyewe. Atakaye mafuta na abebe kuni. Atakaye maji ya baridi na ashike ndoo. Na kama kisima ni cha mbali na wakati ni wa kiangazi, na angoje mvua, akinge maji ya paani. Mafuta yatakayopatikana yatakuwa machache, lakini yatakuwa yake kweli, naye ataweza kumpa mgeni au mgonjwa kama zawadi isiyo na machozi ya mtu ndani yake.

Liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita, maana huhusu roho za watu. Mafuta haya ni makali kuliko majani yalikotoka. Mtu hunywa chai ya mchaichai kila siku bila ya dhara, lakini kilichomo katika kichupa ni nguvu ya mzigo mzima wa majani iliyokusanywa mahali pamoja. Mafuta ya mkaratusi, hata kijiko kimoja cha chai, yaweza kumtia mtoto mdogo degedege na kumpotezea fahamu. Ya karafuu nayo yakinywewa yaweza kumwumiza sana mtoto. Basi kichupa kiwekwe juu, kifungwe, kiandikwe jina, wala kisitiwe katika chupa ya soda. Na kama mtoto amekunywa, asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitali mara moja pamoja na kichupa chenyewe.

Tena mwenye kichupa asijifanye mganga. Huo nao ni mlango wa majaribu, na wengi huupita bila ya kujua. Leo hukeneka kwa furaha. Kesho jirani amsifu kwa kuwa mafua yamepungua. Kesho kutwa aanza kusema ya kuwa mafuta yake huponya kifua, na presha, na sukari, na mgonjwa aacha vidonge vya daktari kwa ajili yake. Huyo naye huwaharibu watu, ingawa hakupika tone la gongo. Kitabu cha Mhubiri chatuambia ya kuwa mainzi waliokufa huyatia uvundo marhamu ya mwenye kuyatengeneza. Uongo mmoja juu ya kichupa ni inzi wa namna hiyo.

Limebaki neno la mwisho, nalo twaliona zito. Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho mlango wa 8, alifundisha juu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu. Alikubali ya kuwa mwenye maarifa aweza kuila bila ya dhambi, lakini alisema yu tayari kuacha nyama hata milele, kama kula kwake kutamkwaza ndugu aliye dhaifu. Je, mwenye mtambo wa mchaichai naye auache kwa sababu watu hunong'ona? Twajibu: manong'ono si kukwazwa. Mtu asemaye vibaya bila ya kuja kutazama hakukwazwa. Yeye amehukumu tu, naye ndiye apasaye kutubu. Kama tungaliacha kila jambo jema kwa hofu ya wasengenyaji, tusingalijenga hata shule.

Lakini ikiwa jirani yako ni mtu aliyetoka katika gongo juzi, anayepigana usiku na mchana asirudi, nawe unajua ya kuwa kuona bomba likitona kwaweza kumwamshia kiu, hilo ni jambo lingine kabisa. Hapo haki yako ya kujifurahisha yakutana na vita ya ndugu yako, na vita yake ni kubwa kuliko mchaichai wako. Usikate neno peke yako, wala usimsemee. Nenda kwake, umwulize. Labda atasema haimdhuru, tena atapenda kuja kukaa nawe na kujifunza, maana mikono iliyojua kupika gongo yajua kutunza moto kuliko yako. Labda atainamisha kichwa, wala hatasema neno. Akinyamaza hivyo, twaa mtambo wako, uukaushe, uufunike kwa gunia, uuweke darini mpaka awe na nguvu. Na wakati huo mchaichai utaendelea kuota kando ya nyumba, nawe waweza kukata majani mawili matatu, ukamtilia katika chai mnywe pamoja.